Kwenda Takawiri na visiwa jirani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi naishi Kisumu, lakini wakwe zangu wako Mfangano, na kwa sababu hiyo simu yangu imegeuka kuwa ofisi ya watalii. Wengi wanaopiga wako Nakuru. Wameona picha ya mchanga mweupe na maji ya buluu, wakaambiwa hapo si Diani, ni Kaunti ya Homa Bay, na hawakuamini. Nimechoka kueleza mambo yale yale, kwa hiyo nayaandika hapa. Jibu likiwa refu, jua kuna mtu aliyewahi kukosea hapo, na mara mbili tatu mtu huyo ni mimi.

Kweli kuna ufuo wa mchanga huku magharibi?

Upo. Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, kati ya Rusinga na Mfangano. Kina mchanga mweupe, na nyuma ya mchanga miti ya jamii ya mnazi imesimama kana kwamba ilitoroka Kilifi. Hakuna chumvi, hakuna maji kupwa na kujaa, hakuna mwani wa kukunasa miguu. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku kuna kaubaridi na mtu hulala bila kuloa jasho.

Wanaobisha ni wale wanaolijua ziwa kwa upande wa Kisumu tu. Hapo tuna Ghuba ya Winam: kina kifupi, ardhi imeizunguka karibu pande zote, maji yana rangi ya chai ya maziwa na gugumaji linaelea kama shamba lililong'oka likaanza safari. Ukipita Mbita, pale ghuba inapokutana na ziwa pana, mambo hubadilika. Maji yanakuwa ya kijani, halafu ya buluu, na ng'ambo haionekani tena. Ziwa zima lina kilomita za mraba 68,000 na ushee, na Kenya tumepewa asilimia sita tu. Waluo huliita Nam Lolwe. Ukisimama upande wa magharibi wa Mfangano jioni, utaelewa kwa nini watu walilipa jina lao wenyewe kabla ya kuja Mwingereza na malkia wake.

Nikifika niulize bichi iko wapi?

Usiulize hivyo. Rafiki yangu mmoja wa Nakuru aliuliza, akapelekwa moja kwa moja kwenye mizani ya samaki, akiwa na taulo begani.

Huku ziwani "bichi" ni mahali pa kazi. Ndipo mashua zinapotua, samaki wanapopimwa, nyavu zinaposhonwa na madeni yanapodaiwa. Kila bichi ina kamati yake, ambayo wote huiita BMU, yenye mwenyekiti, daftari na sheria za nani atue wapi. Kwa hiyo mtu akikwambia "twende bichi," anakualika sokoni. Ukitaka pa kupumzika, uliza "mahali penye mchanga pa kukaa," nao watakuonyesha bila kucheka, au watacheka kidogo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalofanya visiwa hivi viwe kama vilivyo. Kuna mchanga ambao utaukuta umefunikwa na nyavu za zamani, na juu ya nyavu omena, dagaa wa ziwa hili, wameanikwa, maelfu kwa maelfu, wanang'aa kama bati jipya. Mama mmoja anapita na ufagio mwepesi akiwageuza. Mtoto wake amepewa fimbo na wadhifa wa kufukuza kuku. Kuku nao wana subira. Mtoto akigeuza shingo tu, mmoja ameshachukua chake na kukimbia. Usikanyage nyavu hizo hata kama zimekaa kama mkeka. Hiyo ni karo ya mtu.

Nitoke Nakuru kwa njia gani?

Nakuru, Kericho, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Ni lami. Ukisafiri kwa matatu, utabadilisha gari mara mbili au tatu. Ukiwa na gari lako, simama kidogo karibu na Kendu Bay uone Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ambalo wazee husimulia kuwa lilikuwa kijiji kizima kilichozama usiku mmoja kwa sababu watu wake walimnyima kikongwe hifadhi. Wakati mwingine utakuta heroe hapo, wale wale mliowazoea nyumbani, kwa hiyo hutajisikia mgeni.

Ukifika Mbita, Rusinga iko ng'ambo ya daraja na gari linavuka bila shida. Zamani hapo palikuwa na tuta la mawe na udongo, lililojengwa miaka ya 1980, likazuia maji kupita kati ya ghuba na ziwa pana. Wavuvi walilalamika kwa miaka mingi mpaka daraja la sasa likajengwa na maji yakapata njia. Kwenda Takawiri na Mfangano lazima upande boti.

Na nikiwa natoka Kisumu?

Unaweza kufuata barabara hiyo hiyo ya Ahero na Homa Bay. Mimi napenda njia ya pili: barabara ya Bondo, kata kona Ndori, teremka hadi Luanda K'Otieno, halafu feri mpaka Mbita. Feri inabeba magari, ng'ombe, magodoro na bi harusi kama yupo. Kuvuka ni kama saa moja hivi. Piga simu kwa mtu aliyeko huko uulize feri inaondoka saa ngapi siku hiyo. Ratiba iliyobandikwa ukutani ni pendekezo.

Boti za visiwani huondoka saa ngapi?

Asubuhi. Swali lako lingekuwa "kwa nini nisivuke jioni?" nami nina jibu lake.

Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza pengo. Kuanzia saa saba hivi upepo huo unapata nguvu, mawimbi yanaanza kuvaa kofia nyeupe, na mlango wa Mbita, ambao asubuhi ulikuwa kama kioo, unageuka kuwa barabara ya mashimo. Usiku mambo hugeuka, upepo unatoka nchi kavu. Dhoruba kubwa za ziwani nazo hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, kwa hiyo ukiamka ukaona weusi upande wa magharibi, kunywa chai ya pili na usubiri.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu sikujua haya. Nilifika Mbita saa tisa alasiri na gunia la viazi na bandali la unga, zawadi za ukweni. Boti ya abiria ilikuwa imeondoka zamani. Nikambembeleza kijana mmoja mwenye mashua ya injini ndogo anivushe. Aliangalia ziwa, akaniangalia mimi, akaangalia noti. Tulipofika katikati, maji yalianza kuingia kwa ubavu, na kijana, bila kuacha usukani, akanirushia mtungi uliokatwa nusu.

"Shemeji, teka."

Sikuuliza niteke nini. Niliteka kuanzia hapo mpaka Mfangano. Viazi vilifika salama, unga ukafika ukiwa tayari umekandwa. Baba mkwe hakunigombeza. Aliniuliza tu kama saa yangu ya mkononi bado inafanya kazi.

Kwa hesabu hiyo, mtu anayetoka Nakuru alfajiri asipange kufika Takawiri siku hiyo hiyo. Atafika Mbita mchana, upepo umeshaamka. Lala Mbita au Rusinga, vuka kesho yake asubuhi.

Boti zenyewe ni salama?

Za abiria, zile kubwa ambazo watu huziita basi la majini, nazipanda na watoto wangu. Zinapita vituo kadhaa, zinachelewa, lakini zina nafasi na makoti ya kuokoa maisha. Mashua za kukodi hutofautiana. Mambo matatu nayaangalia kabla ya kuweka mguu: koti la kila abiria, si la watu wawili kwa zamu; ukingo wa mashua uko juu kiasi gani ikishapakiwa; na nahodha, kama amelewa. Koti livae na ufunge kamba zake. Huku ziwani nimeona watu wazima wanaolikalia kama mto, eti jua ni kali.

Nauli ya basi la majini ni ndogo kuliko ya kukodi kwa mbali sana. Ukikodi, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kuondoka, na ulipe nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo itakayomkumbusha kuja kukuchukua.

Naweza kuogelea?

Hapa ndipo sitaki utani. Jibu ni ndiyo, lakini si kila mahali, na kuna vitu vitatu vya kujua.

Cha kwanza ni kichocho. Ziwa Victoria lina kichocho, nami nisingemwamini mtu anayesema ufuo wake hauna. Vimelea hukaa ndani ya konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na pale watu wanapofulia na kuogea. Vikitoka kwa konokono hupenya ngozi yako ukiwa umesimama tu, huhitaji hata kunywa maji, na saa zao za kazi hasa ni mchana jua likiwa kali. Kwenye mchanga mtupu ulio wazi kwa mawimbi, au ukiruka kutoka kwenye boti katika kina kirefu, hatari inapungua sana. Kwenye matete inaongezeka. Mimi nilikipata kwa uvivu: niliosha miguu kwenye matete badala ya kutembea hatua mia moja hadi mchangani. Kwanza muwasho, nikadhani ni mbu. Wiki kadhaa baadaye homa, tumbo na uchovu, na nikatibiwa malaria mara mbili ambayo sikuwa nayo, mpaka daktari mmoja mwenye akili akaniuliza, "Umeingia ziwani lini?" Dawa yake ni prazikwanteli, nayo inafanya kazi vizuri, lakini huua minyoo iliyokwisha kukomaa, ndiyo maana mtu hupimwa na kuinywa wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, si jioni ile ile. Ukirudi Nakuru ukaugua, mwambie daktari ulikuwa ziwani hata kama hakuulizi. Nakuru si kila mmoja anawazia konokono.

Cha pili ni kiboko. Mchana yumo majini, usiku hutoka kula majani. Usitembee ufuoni gizani bila mwenyeji, na usikae kati yake na maji.

Cha tatu ni mamba, ambaye wavuvi wanajua alikoonekana wiki hii. Waulize. Swali moja tu kwa mtu anayeshona nyavu, "Hapa watoto wenu huogelea?" lina faida kuliko ramani yoyote. Akisema watoto huogelea pale na si hapa, usibishane naye kwa sababu hapa pana mchanga mzuri.

Vipi malaria?

Ipo, na mtu wa Nakuru ajihadhari zaidi ya mwenyeji. Nyinyi mnakaa mita 1,850 juu, mbu wenu ni wa kukera tu. Huku ukanda wa ziwa ni kati ya maeneo yenye malaria nyingi zaidi nchini. Zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, lala ndani ya neti, vaa mikono mirefu kuanzia magharibi.

Rusinga ilifanyiwa jambo la maana kati ya 2012 na 2015. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye kampasi kubwa pale Mbita, walishirikiana na wenzao na wenyeji katika mradi ulioitwa SolarMal. Nyumba zilifungiwa paneli za sola, na umeme wake ukaendesha mitego yenye harufu inayofanana na ya binadamu. Mbu akafuata harufu akidhani ni mtu, akanaswa. Aina moja ya mbu wa malaria, Anopheles funestus, ilipungua kwa karibu asilimia 70. Na kwenye paa hiyo hiyo watu wakapata taa na chaji ya simu. Hilo la chaji, kwa masikio yangu, ndilo lililosifiwa zaidi.

Ule moshi unaozunguka juu ya maji ni nini?

Si moshi. Ni vijidudu vya ziwa, mamilioni, vinavyopanda juu kwa wakati mmoja kama nguzo. Haviumi. Upepo ukivileta, funga mdomo na uzime taa.

Niende msimu gani?

Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba, ingawa siku hizi mvua haisomi kalenda. Desemba kuna shamrashamra za Krismasi na tamasha la utamaduni la Rusinga. Ni raha, lakini usiniambie ulifuata utulivu.

Kuna hesabu nyingine ambayo wageni hawaijui. Uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane. Miezi hiyo fuo ni tupu na hazinuki, kama pua yako ni ya kuchagua. Lakini utakosa kitu ambacho mimi nakipenda kuliko mchanga wenyewe. Omena huvuliwa usiku usio na mwezi kwa kutumia taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wana taa za betri na sola. Ukiketi mlangoni saa mbili usiku, unaona mji mzima umewashwa juu ya maji, mitaa na vichochoro, mahali ambapo mchana hapakuwa na hata jiwe. Alfajiri mji huo umetoweka, na wakazi wake wanavuta mashua mchangani wakikohoa. Kwa hiyo ukitaka taa, angalia kalenda ya mwezi: mwezi mchanga ndio wako, mwezi mpevu wavuvi wa omena hulala.

Nasikia maji yalimeza fuo zote?

Si zote. Baada ya mvua kubwa za 2019 na 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964. Mashamba, vyoo, magati na vipande vya mchanga vikaingia majini, na watu wengi wa ufuoni wakahama. Ufuo ulio kwenye picha ya zamani huenda leo ni mwembamba zaidi, au umehama. Omba picha ya mwezi huu. Ukiona shina la mti limesimama ndani ya maji, usidhani ni pambo. Hapo palikuwa kwa mtu.

Nitalala wapi?

Takawiri na Mfangano kuna nyumba za wageni chache, kuanzia za kifahari hadi chumba chenye kitanda, neti na ndoo. Weka nafasi kabla ya kuvuka, maana ukikosa kisiwani huwezi kuvuka barabara ukaulize jirani. Hema linawezekana, ila omba ruhusa kwa mwenye ardhi na kwa wazee wa bichi. Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe, hata ile yenye majani tu.

Nitakula nini?

Samaki, halafu samaki. Ngege wa kuchemsha na nyanya, mbuta wa kukaanga, omena waliokaushwa kisha wakapikwa na maziwa au malai, na ugali. Mbuta ni mgeni kama wewe, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akakua hadi uzito wa mtu mzima, na akala aina nyingi za samaki wadogo ambao wazee huwaita fulu. Vijana wanamsifu kwa bei yake, wazee bado wanawataja fulu kama watu wanaotaja marehemu.

Nunua samaki asubuhi bichi ukiweza, mpe mama mmoja akupikie, mlipe. Atakupa kichwa cha samaki ikiwa amekupenda. Usikiache.

Anayekula mboga tu alete zake.

Nibebe pesa taslimu?

Kiasi. M-Pesa inapokelewa hata na muuza ndizi, lakini wakala wa kisiwani anaweza kuishiwa na noti. Toa Homa Bay au Mbita, na ubebe noti ndogo. Noti ya elfu moja saa moja asubuhi ni tusi.

Mtandao na umeme?

Upo, unapotea, unarudi. Beba betri ya akiba.

Wanazungumza lugha gani?

Dholuo na Kiswahili. Lakini wenyeji wa asili wa Mfangano na visiwa hivi ni Abasuba, watu wa jamii ya Kibantu ambao masimulizi yao yanasema mababu walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Kwa vizazi kadhaa watoto wao wamekua wakiongea Dholuo, na Olusuba imebaki zaidi kwa wazee, ingawa Mfangano kuna redio ya kijamii inayoitangaza na makumbusho ya jamii yanayoihifadhi. Mama mkwe huomba kwa Kiswahili, hugombeza kwa Dholuo, na akijigonga kidole husema Olusuba.

Wewe jifunze mawili: "oyawore" asubuhi, "erokamano" ya kushukuru. Na usimpite mzee bila salamu. Kisiwa ni kidogo, habari kwamba ulimpita itafika unakolala kabla yako.

Naweza kuvaa nguo ya kuogelea? Na kupiga picha?

Kwenye eneo la wageni, vaa upendavyo. Ukipita kijijini jifunge leso au vaa kaptura na fulana, kwa sababu unapita mbele ya nyumba za watu, na wengine ni wakwe za watu, kama mimi. Picha omba kwanza. Wavuvi wengi watakubali, wengine watakataa kabisa, hasa wenye nyavu za matundu madogo. Usiulize kwa nini.

Nina watoto. Watachoka?

Wangu hawajawahi. Wa mdogo kabisa beba koti lake la kuokoa maisha kutoka mjini, kwa sababu ya kwenye boti mara nyingi ni ya wakubwa na mtoto huchomoka humo kama ndizi.

Nikishiba mchanga kuna nini kingine?

Kuna mengi, na naona ni kosa kuyaruka.

Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, aliyezaliwa 1930 na kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa waziri, hajafikisha miaka 39. Jengo lililo juu yake limeumbwa mfano wa risasi, na ndani kuna picha na vitu vyake. Nenda ukiwa na muda wa kumsikiliza anayekutembeza.

Rusinga hiyo hiyo, mwaka wa 1948, mwanaakiolojia Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi hapo miaka milioni 18 hivi iliyopita. Baadaye aina hiyo ikapewa jina heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na akina Leakey kwa miaka mingi. Vilima vinavyoonekana kama mawe ya kawaida vimejaa mabaki. Usiokote.

Mfangano panda mlima na mwenyeji akupeleke Kwitone na Mawanga ukaone michoro ya miambani: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, inayosemwa ni kazi ya watu wa Twa waliokuwa huku kabla ya wengine wote. Ni mahali pa matambiko, pamoja na yale ya kuomba mvua, kwa hiyo usiguse michoro wala usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Njia ina mwinuko wa kutosha. Mtu wa Nakuru anayejisifu kupanda Menengai nimemwona ameketi mara nne.

Bara, katika Bonde la Lambwe, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, mahali pekee nchini unapoweza kumwona korongo, yule swala mkubwa mwenye uso kama aliyevaa kinyago. Funga madirisha, kuna mbung'o.

Kwa nini nisiende tu Kisiwa cha Ndere, kiko karibu na Kisumu?

Nenda, ila kwa sababu nyingine. Ndere ni hifadhi ya taifa tangu 1986, ina swala, ndege wengi na njia nzuri za kutembea. Jina lake kwa Dholuo ni mahali pa kukutania. Wanaokutana ufuoni, lakini, ni viboko na mamba. Si pa kutandika taulo.

Na Migingo?

Hapana. Ni jabali lililojaa mabati, dogo kuliko nusu ya uwanja wa mpira, na Kenya na Uganda wamelivutania kwa miaka. Ukipata mchanga huko niite.

Naweza kuja na spika yangu?

Baki nayo Nakuru.

Takataka nifanyeje?

Rudi nazo Mbita. Kisiwani hakuna lori la taka, kuna shimo na kiberiti, na chupa ya plastiki uliyoiacha kwa adabu kwenye pipa itapepea hadi majini.

Nikae siku ngapi?

Usiku mbili kisiwani kwa uchache, na moja Mbita wakati wa kwenda. Acha siku moja ya ziada kwa sababu ya ziwa. Nahodha akisema leo hatuvuki, hatuvuki, na bosi wako atalazimika kuelewa.

Nikuletee nini?

Mimi, hakuna. Ukipita Mfangano, mama mkwe anauliza viazi vya Molo. Vifunge kwenye nailoni.